Theluji, Mlima na Swali la Siloamu

Biblia inaitaja theluji mara nyingi kuliko tunavyodhani. Zaburi ya 147 inaifananisha na sufu. Isaya, katika sura ya 55, anaiweka pamoja na mvua kama mfano wa Neno la Mungu linaloshuka na kutenda kazi yake. Katika Ayubu sura ya 38, Bwana anamuuliza mtumishi wake kama amewahi kuingia katika ghala za theluji. Sisi tunaosoma maneno hayo chini ya jua la Afrika Mashariki huyapita upesi, maana kwetu theluji ni kitu cha mbali: ule weupe wa Kibo unaoonekana alfajiri kabla mawingu hayajaufunika.

Hata weupe huo ulichukua muda kuaminiwa. Tarehe 11 Mei 1848, mmisionari Johannes Rebmann, akiwa safarini kutoka pwani kwenda Uchagani, aliona kitu cheupe juu ya mlima. Kiongozi wake wa njia alikiita baridi, basi. Lakini Rebmann alikuwa mzaliwa wa Württemberg huko Ujerumani, na alisomea utumishi mjini Basel, Uswisi. Theluji aliijua tangu utoto. Habari zake zilipochapishwa mwaka 1849, mtaalamu wa jiografia William Desborough Cooley alizikataa akiwa London: theluji karibu na ikweta, alisema, haiwezekani. Miaka ikapita kabla ya wasafiri wengine kuthibitisha kwamba yule mmisionari alisema kweli.

Kwetu, basi, swali la kwanza juu ya theluji lilikuwa kama ipo au haipo. Katika milima ya Alpi, inayopita Ufaransa, Uswisi, Italia na Austria, wakristo waliishi chini ya theluji kwa karne nyingi, na swali lao lilikuwa jingine: itaporomoka lini, na itamwangukia nani? Katika makala hii tunaifuata historia yao. Tunafanya hivyo kwa sababu walilazimika kujibu jambo ambalo hata sisi huulizwa kila mlima unapoteremka na kufunika nyumba za watu: je, Mungu alikuwa anamwadhibu nani?

Ghala za theluji

Asiyeishi na theluji huidhani kuwa kitu laini kisicho na uzito. Kweli, ikiwa imeanguka sasa hivi ni nyepesi. Lakini hurundikana tabaka juu ya tabaka, mwezi baada ya mwezi, na kila tabaka lina tabia yake. Lililoanguka siku ya upepo ni gumu na limeshikana. Lililokaa juu wakati wa usiku wa baridi kali na anga tupu hugeuka kuwa chembe zisizoshikana, kama sukari. Kisha theluji mpya huanguka juu ya chembe hizo na kuzificha. Kwa macho, mteremko wote ni mweupe na umetulia. Ndani yake ni kama blanketi zito lililotandikwa juu ya sukari kwenye bati la paa.

Hatari kubwa iko kwenye miteremko yenye mwinamo wa nyuzi 30 hadi 45. Penye mwinamo mdogo zaidi, theluji hukaa. Penye mwinamo mkali sana, huanguka kidogo kidogo kabla ya kurundikana. Katika miteremko ya kati inangoja. Mvua kubwa ya theluji kwa siku tatu mfululizo, upepo unaohamisha theluji upande mmoja wa mlima na kuilundika upande wa pili, joto la ghafla, au uzito wa mtu mmoja tu apitaye, chochote kati ya hivyo chaweza kuvunja tabaka lile dhaifu. Ufa hukimbia mteremko mzima kwa nukta chache, na bamba zima la theluji hung'oka. Likichanganyika na hewa, wingu lake laweza kwenda kasi ya kilomita 300 kwa saa, na upepo wake hung'oa miti na mapaa. Likisimama, theluji hushikana kama saruji. Aliyefukiwa hawezi hata kuinua kidole. Akipatikana ndani ya dakika 10 au 15, mara nyingi huwa hai bado. Ikipita nusu saa, wengi huwa wamekufa kwa kukosa hewa.

Zamani watu waliamini kwamba sauti inatosha kuiamsha theluji. Wasafiri walipita kimya na kuziba kengele za nyumbu wao. Leo inajulikana kwamba sauti ya mtu haina nguvu hiyo. Lakini tusiwacheke. Walikuwa wameona kwamba jambo dogo linaweza kuleta maangamizi makubwa, na katika hilo hawakukosea.

Nyumba iliyo juu ya njia

Mojawapo ya njia za zamani za kuvuka Alpi hupita kwenye genge la Grand-Saint-Bernard, mita 2,469 juu ya usawa wa bahari, kati ya Uswisi na Italia ya leo. Mahujaji waliokwenda Roma walipita hapo, na wafanyabiashara, na askari, na maskini waliotafuta kazi ng'ambo ya pili. Theluji hulifunga genge hilo kwa sehemu kubwa ya mwaka.

Katikati ya karne ya 11, yapata mwaka 1050, Bernardo, arkidiakoni wa Aosta, alianzisha nyumba ya wageni juu kabisa ya njia hiyo. Neno la kuangalia hapa ni "juu". Angeweza kuijenga bondeni, penye kuni, malisho na majirani, na wasafiri wangemshukuru vilevile. Aliijenga pale watu walipokuwa wakifia.

Jinsi walivyokuwa wakifa tunajua kutokana na kumbukumbu za abasia ya Sint-Truiden, iliyoko Ubelgiji ya leo. Mwanzoni mwa mwaka 1129, Abate Rudolf na wenzake walikuwa wakirudi kutoka Roma. Walikwama katika kijiji cha Saint-Rhémy, chini ya genge, pamoja na kundi kubwa la mahujaji. Wenyeji waliokuwa na kazi ya kuongoza wasafiri walikubali kutangulia kufungua njia. Walijifunga vitambaa vizito vichwani, wakavaa glavu za manyoya na viatu vyenye misumari ya chuma, wakashika fito ndefu za kupimia kina cha theluji. Mahujaji walikuwa kanisani, wakijiandaa kwa sala kama watu wanaokwenda kukutana na kifo. Wakiwa bado humo, habari ikaja: poromoko limewazoa waongozaji 10. Kilio kikajaa kijijini. Mahujaji hawakuendelea na safari. Waliteremka kungoja hali itulie.

Tukio hilo lina uchungu wake kwa mtu wa imani. Waliokuwa wakiomba walisalimika, na waliotangulia kwa ajili yao walikufa. Je, tuseme sala za hao wa kanisani zilisikiwa na za wale wa njiani hazikusikiwa? Nani angethubutu kuwaambia hivyo wajane wa Saint-Rhémy?

Watawa wa genge, wa shirika la Mtakatifu Augustino, hawakujibu swali hilo kwa maandishi. Walilijibu kwa miguu. Siku za hali mbaya, watawa na watumishi wao walitoka asubuhi kwa pande zote mbili za mlima, wakiwa na mkate, divai na fito, kuwatafuta walio njiani. Kuanzia karne ya 17 walifuga mbwa wakubwa, na baadaye wakagundua kwamba mbwa hao wanaweza kunusa njia ndani ya ukungu na kumpata mtu aliyefukiwa. Anayejulikana zaidi ni Barry, aliyeishi kati ya mwaka 1800 na 1814, na ambaye inasimuliwa kwamba alisaidia kuokoa watu zaidi ya 40. Mwili wake umehifadhiwa katika jumba la makumbusho mjini Bern. Kile kipipa cha pombe shingoni ambacho picha humvika ni hadithi ya wachoraji.

Kando ya nyumba hiyo kulikuwa na chumba cha maiti. Ardhi ilikuwa mwamba na barafu, haichimbiki, kwa hiyo waliokutwa wamekufa waliwekwa humo, wengine wakingoja ndugu waje kuwatambua. Hivyo watawa walikula, wakalala na kusali hatua chache tu kutoka kwa wale ambao hawakuwahiwa. Imani yao haikujengwa juu ya madai kwamba Mungu hamwachi mtu afe mlimani. Ushahidi wa kinyume ulikuwa upande wa pili wa ukuta. Waliamini kwamba aliyeko njiani ni Kristo, nao wamepewa zamu ya kumtafuta.

Nani ametenda dhambi?

Si kila mahali watu walijibu hivyo. Poromoko lilipofunika kijiji, mara nyingi mahubiri yaliyofuata yalisema kwamba Mungu ameadhibu. Tarehe 17 Januari 1718 poromoko liliangamiza sehemu kubwa ya Leukerbad, katika jimbo la Valais, na kuua watu zaidi ya 50. Katika kijiji kidogo hiyo ni hesabu ya kila familia. Walionusurika walipaswa kuzika wafu wao na kubeba pia shaka kwamba kwao kulikuwa na dhambi kuliko bonde la jirani.

Palikuwa na jibu baya zaidi. Karne ya 17 ilikuwa zama za mashtaka ya uchawi katika mabonde mengi ya Alpi, na walikuwapo walioshtakiwa kwamba wao ndio walioiteremsha theluji. Hapa sisi tusijione wageni. Tunajua katika nchi zetu jinsi msiba usioeleweka unavyotafuta bibi kizee mwenye macho mekundu. Watu waliokuwa wakienda kanisani kila Jumapili walimwona mlima umeanguka, wakamgeukia mjane.

Bwana wetu alikwisha kulijibu jambo hili. Luka sura ya 13 inasimulia kwamba mnara wa Siloamu uliwaangukia watu 18 na kuwaua. Yesu aliwauliza wasikilizaji wake kama wanadhani hao 18 walikuwa wakosaji kuliko watu wote wa Yerusalemu, na mwenyewe akajibu kwamba sivyo. Kisha akawageuzia neno walio hai: tubuni. Tuangalie vizuri mwelekeo wa maneno hayo. Wafu wameondolewa hukumu, na toba imewekwa juu ya waliobaki. Msiba haumwambii aliyesalimika kwamba yeye ni mwema. Unamuuliza atafanya nini na siku alizobakiziwa.

Msitu, kabari na ukingo wa paa

Kuna sheria moja katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, ambayo ni nadra kuhubiriwa. Inamwagiza mtu anayejenga nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka paa lake, mtu asije akaanguka, na damu ikawa juu ya nyumba hiyo. Haisemi kwamba Mungu atamshika anayeanguka. Inasema jenga ukingo, na inahesabu kutojenga kuwa hatia ya damu.

Watu wa Alpi walijifunza sheria hii polepole, kwa mawe na miti. Mwaka 1397 wakazi wa bonde la Ursern, Uswisi, waliandika hati ya kuukinga msitu ulio juu ya kijiji cha Andermatt: hakuna ruhusa ya kukata wala kuchukua kitu humo. Walikuwa maskini wa kuni, katika bonde lisilo na miti mingi, na msitu ulikuwa hapo hapo juu ya vichwa vyao. Lakini mashina ya miti hushikilia theluji mahali pake, na matawi huivunja vipande isijenge bamba moja. Wakachagua kutetemeka kwa baridi kuliko kulala bila ukingo. Msitu huo, ingawa umepunguka, bado uko juu ya kijiji.

Kule Davos, katika kitongoji cha Frauenkirch, kuna kanisa ambalo ukuta wake wa upande wa mlima umejengwa kwa umbo la kabari, kama pua ya jahazi. Theluji ikishuka, hugawanyika na kupita pande mbili. Tunalipenda jengo hilo kwa sababu linafundisha bila kusema. Waliolijenga waliamini kwamba Mungu husikia sala, na wakampa mlima pua ya mawe. Hawakuona ugomvi kati ya madhabahu ya ndani na kabari ya nje.

Somo hili lilisahauliwa mara nyingi. Karne ya 19 misitu mingi ya milimani ilikatwa kwa ajili ya mkaa, mbao na malisho. Ndipo akasimama Johann Coaz, mtaalamu wa misitu aliyekuwa mkaguzi mkuu wa misitu wa Uswisi. Sheria ya misitu ya nchi nzima ilipitishwa mwaka 1876, na mwaka 1881 Coaz akatoa kitabu chake juu ya maporomoko ya theluji ya Alpi, kimojawapo cha vitabu vya kwanza kuyaeleza kwa utaratibu: yanaanzia wapi, yanapita njia gani, yanarudi baada ya muda gani. Hilo la mwisho lina uzito. Poromoko lina njia yake, na huirudia. Kijiji chaweza kukaa salama miaka 80 hata wajukuu wakajenga mahali ambapo babu yao alikataza.

Onyo lisilosikiwa

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Austria na Italia yalipigana ndani ya milima hiyo hiyo. Mwaka 1916 kikosi cha Austria kilikuwa na kambi ya mbao huko Gran Poz, kwenye mlima wa Marmolada. Mahali palichaguliwa ili mizinga ya adui isiwafikie. Lakini kamanda wa kikosi, Kapteni Rudolf Schmid, aliona kwamba juu yao kuna mteremko wa hatari. Aliwaandikia wakubwa wake akiomba kambi ihamishwe. Ombi lake halikukubaliwa.

Desemba ile theluji ilianguka bila kukoma, kisha joto likapanda. Alfajiri ya tarehe 13 Desemba, siku ya Mtakatifu Lusia, mlima ukateremka juu ya askari waliolala. Zaidi ya 200 walikufa. Katika majuma yale maelfu ya askari wa pande zote mbili walifukiwa, na zimo habari kwamba majeshi yaliipiga theluji kwa makombora ili imwangukie adui.

Tukiulizwa kama yale ya Gran Poz yalikuwa adhabu ya Mungu, tutasema: tusimsingizie. Barua iliandikwa, nayo ilisomwa. Ezekieli sura ya 33 inasema juu ya mlinzi anayeona upanga unakuja asipige tarumbeta; damu itadaiwa mkononi mwake. Huyu mlinzi wa Marmolada alipiga tarumbeta. Waliodaiwa damu ni waliokuwa na mamlaka ya kusikia.

Wale walioingia kuwaokoa wengine

Majira ya baridi ya mwaka 1950 hadi 1951 yanakumbukwa Uswisi na Austria kwa jina la majira ya hofu. Januari 1951 theluji ya mita kadhaa ilianguka ndani ya siku chache. Kijiji cha Vals kilipoteza watu 19. Andermatt, pamoja na msitu wake wa kale, ilipigwa na maporomoko kutoka pande nyingine, na watu 13 wakafa. Februari ikaja zamu ya Airolo, watu 10. Uswisi peke yake ilizika watu 98.

Miaka mitatu baadaye ikawa Blons, kijiji cha wakulima katika Austria ya magharibi, kilichokuwa na watu wasiofika 400. Asubuhi ya tarehe 11 Januari 1954 poromoko la kwanza lilishuka na kufunika nyumba kadhaa. Waliobaki walichukua majembe wakaenda kuchimba. Walichimba mchana kutwa, wakatoa walio hai na waliokufa. Giza lilipokuwa limeingia, poromoko la pili likashuka kutoka mteremko mwingine. Liliwaua waokoaji, na pia watu waliokuwa wametolewa wazima kwenye theluji ya kwanza. Jumla ya waliokufa Blons ni 57.

Hapa maelezo yetu yote huisha. Mtu aweza kusema, na ilisemwa kwa haki, kwamba msitu wa juu ulikuwa umekatwa kwa vizazi vingi. Hilo linaeleza theluji. Halielezi kwa nini mtu aliyeacha meko yake kwenda kumchimba jirani ndiye aliyefukiwa. Hatuna jibu la jambo hilo, na tunadhani Kanisa hufanya vibaya linapojifanya kuwa nalo. Tulilo nalo ni neno la Bwana, katika Yohana sura ya 15, kuhusu upendo wa mtu anayeutoa uhai wake kwa ajili ya rafiki zake, na msalaba wake mwenyewe alipofanya hivyo. Wale wa Blons hawakufa kwa sababu sala zao hazikusikiwa. Walikufa wakiwa ndani ya jibu la sala za wengine. Waongozaji 10 wa Saint-Rhémy nao tuwahesabu pamoja nao.

Waliobaki Blons hawakuhama wote. Walipanda miti upya, na juu ya kijiji serikali ikajenga safu za vizuizi vya kushikilia theluji pale inapoanzia. Huo ndio ukingo wa paa, ukiwa umejengwa kwa machozi.

Mlinzi juu ya mnara

Mwaka 1936 watafiti wachache walianza kazi katika kibanda huko Weissfluhjoch, juu ya Davos. Walichimba mashimo, wakayapima matabaka moja moja: ugumu, joto, umbo la chembe. Kwa lugha ya Ayubu, walianza kuingia katika ghala za theluji. Kutokana na kazi hiyo ilizaliwa taasisi ya Uswisi ya utafiti wa theluji na maporomoko, ambayo tangu mwaka 1945 hutangaza hali ya hatari ili watu wajue. Mwaka 1993 nchi za Ulaya zilikubaliana juu ya kipimo kimoja cha hatari chenye ngazi 5, ili onyo la Austria lieleweke hata kwa Mfaransa.

Matunda yake yalionekana Februari 1999, theluji nyingi iliporudi. Uswisi ilipata maporomoko makubwa kiasi cha kulinganishwa na yale ya 1951, na milima sasa ilikuwa na watu, barabara na hoteli nyingi zaidi. Waliokufa walikuwa 17. Nyuma ya tofauti ya 98 na 17 hakuna muujiza wa ghafla. Kuna misitu iliyolindwa, vizuizi, ramani zinazokataza kujenga njia ya poromoko, barabara zilizofungwa kwa wakati, na watu waliokubali kuhama nyumba zao kwa siku chache. Lakini mwezi huo huo, huko Galtür nchini Austria, poromoko lilifika hadi penye nyumba zilizodhaniwa kuwa salama, na watu 31 wakafa. Mlinzi mwema huona mengi, haoni yote. Unyenyekevu ni sehemu ya ujuzi.

Siku hizi wengi wanaokufa katika Alpi hawafuatwi na theluji nyumbani. Ni watu walioiendea, wakiteleza kwa skii kwenye miteremko isiyolindwa, na mara nyingi bamba huvunjwa na uzito wa mhanga mwenyewe au wa mwenzake. Tunakumbuka jinsi Ibilisi alivyomweka Yesu juu ya kinara cha hekalu na kumwambia ajitupe, maana malaika watamdaka. Yesu alikataa kumjaribu Mungu. Kutoogopa mahali panapopasa kuogopa si imani. Anayesoma onyo na kugeuka nyuma hajamwonea shaka Mungu; ametumia macho aliyopewa.

Na sisi je?

Theluji ya Kibo haishuki vijijini kwetu. Lakini milima yetu hushuka kwa namna yake. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope na mawe viliteremka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh, mkoani Manyara, na zaidi ya watu 80 wakapoteza maisha. Tope si theluji, na sababu zake ni nyingine. Lakini swali lililofuata lilikuwa lile lile la Siloamu, nalo litaulizwa tena kila msimu wa masika na wa vuli katika miteremko ya nchi hizi.

Historia tuliyoisimulia inatupa mambo matatu ya kushika. Kwanza, tusimame makaburini bila kuwahukumu waliolala humo, wala kumtafuta mchawi kati ya walio hai. Bwana ametukataza. Pili, tuuhesabu mti ulio juu ya kijiji, mfereji uliozibuliwa na kiwanja kilichoachwa wazi kuwa ukingo wa paa ambao Torati iliudai. Mzee wa kanisa anayezuia watu kukata msitu wa mteremko anafanya huduma ya kiroho, hata kama hakufungua Biblia siku hiyo. Tatu, onyo likitolewa na wataalamu wa hali ya hewa, mimbari zetu zilitangaze pamoja na matangazo ya harusi na vikundi vya kwaya. Tarumbeta ya Ezekieli haikubagua nani ameitengeneza.

Nyumba ya Bernardo ingali juu ya genge. Tangu mwaka 1964 magari hupita chini yake ndani ya handaki, na mtu aweza kuvuka mlima bila kujua kwamba juu yake watawa wanasali. Wao wamebaki, mlango wao uko wazi hata katikati ya majira ya baridi, kwa yeyote atakayefika kwa miguu. Kwa karibu miaka 1,000 theluji imekuwa ikianguka juu ya paa hilo, na ndani yake swali limebaki lile lile walilolirithi: usiku huu, ni nani bado yuko njiani?